Uwele Wenye Sharubu

Mwaka ule, pale Kigwe, hatukuwa na mwamia ndege.
Dada Nyemo alikuwa amelazwa Mvumi, mguu ndani ya plasta,
mimi nilikuwa bweni, kidato cha tatu,
na dungu likabaki tupu katikati ya shamba
kama kiti cha mgeni aliyeahirisha.

Kwelea wakaja. Wingu lenye midomo.
Walitua saa moja asubuhi, na ilipogonga saa nne
masuke yalikuwa yamesimama uchi, vijiti tu,
na mama, Sechelela binti Chidosa,
ana kombeo moja, sauti moja iliyokauka,
na ekari tatu za kupigia kelele.

Jioni alipita mstari kwa mstari.
Huku suke, kule suke, tuseme sitini yote kwa yote,
yenye sharubu ndefu, ngumu, za kumchoma ndege macho,
yalikuwa bado na punje zake.
Hakutoa neno la hekima. Alisema, "Mbegu hiyo."
Akayafunga kwenye kanga iliyochanika,
akayatundika juu ya moshi.

Sasa ni mwalimu mimi. Jumanne, vipindi viwili mfululizo,
chaki inayovunjika, upepo wa Dodoma unaofungua madirisha bila hodi.
Nawaambia: wazo hili halikushuka kama radi.
Lilitambaa.
Watu walikuta samaki wa mawe juu milimani, wakabishana.
Wakahesabu matabaka ya miamba,
wakaona miaka ni mingi kuliko waliyofundishwa kanisani.
Kasisi mmoja akapiga hesabu yake ya huzuni:
vinywa huongezeka upesi kuliko chakula.
Mtu mmoja akarudi kutoka safari ndefu ya meli,
akafuga njiwa, akaandika, akafungia maandishi,
karibu miaka ishirini, akiogopa kelele,
mpaka mwenzake, akitetemeka kwa homa visiwa vya mbali,
alipomletea barua yenye wazo lilelile.

"Homa gani, mwalimu?" aliuliza Ndahani.
Nadhani malaria, nikasema.
Darasa zima likaguna,
kama watu waliomtambua jirani.

Likizo ya Juni nilimweleza mama.
Nilisema uteuzi asilia. Nilisema mageuko.
Nyuma yake shamba lilikuwa na sharubu tupu, msimu wa saba huo,
masuke yenye vipara ungeyahesabu kwa vidole.
Nikasema, "Unaona? Ulichagua, mama."

Alipepeta ungo mara mbili kabla ya kujibu.
"Sikuchagua. Ndege walichagua wanachotaka.
Mimi niliokota kilichobaki."

Nilitafuta kalamu, nikaandika hayo kiganjani.
Nilikuwa bado naandika
aliposema, bila kuinua uso,
"Na wale wanangu wawili wa mwaka wa njaa?
Nao hawakuwa na sharubu?"

Hilo halimo kwenye muhtasari wa somo.
Nikasema hapana. Nikasema tena hapana.
Nikasema kubaki si cheti, mama, na ndege si hakimu.
Mwaka ambao kwelea hawaji, sharubu ni mzigo:
zinawasha shingo, zinakataa mchi,
na kile kipara kilichodharauliwa ndicho kinachojaa.
Nilizungumza sana. Nilizungumza kama mtu anayeamia ndege.

Hakujibu. Alinipa mchi.

Tulitwanga mpaka giza. Makapi yaliniingia kwenye kola,
nikajikuna kama mbwa,
na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.
Nilipoingiza unga ndani, nyuma ya kihenge
nikagusa kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi.
"Hiki nacho?"

"Mbegu ya vipara," alisema, akikung'uta kanga.
"Nani anaujua mwaka kesho."